Neno "Ikiwa" katika Somo la Hisabati

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba mantiki ni elimu ya vyuo vikuu, isiyomhusu mtoto wa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mtoto wa Igamba, huku Mbozi, hutumia mantiki kila siku, ila aghalabu hafundishwi kuipima.

Mwambieni: ikiwa mvua imenyesha usiku, uwanja wa shule umelowa. Alfajiri akiukuta umelowa, atakata shauri kwamba mvua ilinyesha. Je, ni lazima? Umande waweza kuulowesha pasipo tone la mvua. Lakini akiukuta mkavu, ana haki ya kusema kwamba mvua haikunyesha. Ndivyo ilivyo katika namba. Namba ikigawanyika kwa 10 hugawanyika kwa 5. Bali 15 hugawanyika kwa 5, isigawanyike kwa 10. Na 12, kwa kuwa haigawanyiki kwa 5, haiwezi kugawanyika kwa 10.

Gumu zaidi ni neno "zote". Tulipokagua mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja aliliuliza darasa la tano: "Je, namba tasa zote ni witiri?" Mtoto mmoja akajibu, "Si zote." Akaambiwa amekosa, kwa hoja kwamba 3, 5, 7, 11 na 13 ni witiri. Mwalimu alilisikia jibu kana kwamba mtoto amesema hakuna hata moja iliyo witiri. Kumbe "si zote" husema tu kwamba iko angalau moja isiyo witiri, nayo ni 2. Mtoto hakuulizwa sababu. Aliketi, na kipindi kizima hakunyosha mkono tena. Hasara ya namna hiyo haionekani katika andalio la somo.

Kuiangusha kauli ya "zote" hutosha mfano mmoja tu. Wilaya yetu inao mfano mzuri kule Ndolezi: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi, lililoanguka kutoka angani. Anayedai kwamba kila pande kubwa la chuma limetoka kiwandani amekwisha shindwa, wala hatuhitaji kimondo cha pili.

Semina za hisabati zilizoanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962 zilisaidia kuingiza seti katika masomo ya shule za Afrika. Alama za seti zina faida yake, lakini kwa watoto wadogo twapendelea kijiti na vumbi la uwanjani. Chora duara kubwa la namba zinazogawanyika kwa 5, na ndani yake duara dogo la zinazogawanyika kwa 10. Wagawie watoto kadi za namba, kila mmoja asimame mahali pake. Mwenye 20 ataingia duara dogo. Mwenye 12 atabaki nje kabisa. Mwenye 15 huenda akasitasita, na wenzake wakaanza kumvuta huku na huku. Msitoe jibu upesi. Mwulizeni yeye kwanza kwa nini amesimama pale.