Kaseti ya Mwethya na Kompyuta ya Nyumbani

Kabla Makueni haijawa wilaya mwaka 1992, sisi watu wa Mbooni tulihesabiwa chini ya Machakos, na muziki wetu ulitufikia kutoka Nairobi ukiwa umekatwa vipande viwili. Santuri ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, haikuwa na nafasi ya kubeba wimbo mzima wa benga. Upande wa kwanza ulibeba maneno, na gitaa lilipoanza tu kupamba moto, sauti ilififia. Ilibidi mtu ainuke, ageuze santuri na kuweka sindano upya ndipo sehemu ya pili iendelee. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo Brothers walirekodi hivyo, Peter Mwambi na Kyanganga Boys hivyo hivyo, na Lower Mbooni Boys, waliobeba jina la kwetu, vilevile.

Naanzia hapo kwa sababu kila chombo kilichotuletea muziki Ukambani kilikuja na kipimo chake, na kila kipimo kiliacha kitu nje. Kwa miaka mingi aliyeamua kipi kiachwe alikuwa mtu wa mbali: mwenye studio, mwenye kiwanda, mwenye duka. Leo uamuzi huo umefika mezani kwangu, hapa Kitui nilikohamia kikazi, na naona ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana.

Kaseti ndiyo iliyotupa nafasi ya kwanza ya kuamua wenyewe. Mjomba wangu alinunua redio kaseti katika miaka ya 1980, ya betri sita kubwa, zile tulizozianika juani zilipochoka ili zicheze japo nyimbo mbili zaidi. Wimbo wa Kalambya Sisters ulipopigwa redioni, vidole viwili vilikuwa tayari juu ya vitufe vya kurekodi. Kwa mara ya kwanza sehemu ya kwanza na ya pili zilisikika moja kwa moja bila mtu kuinuka. Lakini la maana zaidi ni kwamba mashine ile iliweza kumrekodi mtu ambaye hakuna studio ingemwita.

Siku moja mjomba aliibeba hadi shambani kwa susu, mama yake, mwethya ulipokuja kuchimba matuta. Aliyekulia Makueni au Kitui anajua mwethya ni nini: majirani, wengi wao akina mama, wanakusanyika shamba kwa shamba, na kazi inaendeshwa kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na jembe linashuka pamoja na kiitikio. Susu ndiye aliyekuwa akianzisha. Mjomba aliiweka redio juu ya jiwe, akabonyeza, akarudi kuchimba. Upande mzima wa kaseti, karibu dakika 30, una sauti ya susu, sauti za wenzake, filimbi, na majembe yakigonga ardhi ngumu ya kiangazi.

Miaka ya 2000 ikaja na saiba, yale maduka ya intaneti, na saiba zikaja na MP3. Aina hii ya faili ilitoka Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, na jina lake la herufi hizo tatu lilipitishwa Julai 1995. Kazi yake ni kupunguza. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kwa spika mbili hilo linahitaji kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kawaida ya siku zile ilitumia kilobiti 128, yaani chini ya moja ya kumi. Hufanya hivyo kwa kutupa sauti ambazo sikio la binadamu halitazikosa sana: mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa, na milio ya juu kabisa. Wimbo uliohitaji megabaiti 50 ukatosha kwenye tano. CD moja tupu ikabeba zaidi ya nyimbo 100, na vijana wa saiba wakatuchomea Kakai, Mwambi na wengine kwa bei ambayo kaseti halisi haingeweza kushindana nayo.

Saiba nilizozifahamu zilicheza nyimbo kwa Winamp, programu ambayo Mmarekani Justin Frankel aliitoa mwaka 1997. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi. Kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu haba iliweza kupiga muziki huku mteja akiandika barua ya kuomba kazi. Nasi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Muziki uliokuwa umefungiwa kwenye santuri zilizokwaruzika ulirudi hewani, ukaingia kwenye matatu za Wote na Mwingi, kisha kwenye kadi za simu.

Hata hivyo, vitu viwili vilipotea katika safari ile. Cha kwanza ni nusu za nyimbo. Nimekutana na faili nyingi zenye upande wa kwanza tu wa santuri, maana aliyenakili hakugeuza. Msikilizaji kijana anadhani wimbo unaisha pale gitaa linapoanza. Cha pili ni majina. Toleo la kwanza la kibandiko cha maelezo ndani ya MP3, la mwaka 1996, liliacha nafasi ya herufi 30 kwa jina la msanii. “Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers” haliingii humo. Lakini afadhali jina lililokatwa kuliko kukosa jina, kwa sababu faili nyingi zilizotufikia ziliandikwa tu “Track 03”. Mpiga gitaa aliyefanya kijiji kizima kisilale usiku wa arusi akawa nambari.

Kisha zikaja simu za kurekodi. Mnamo mwaka 2009 binamu yangu alikaa na susu, akamwomba aimbe tena zile nyimbo za mwethya, akamrekodi kwa simu yake ndogo. Susu alikuwa mzee, lakini sauti bado ilikuwepo. Simu ile ilihifadhi sauti kwa aina iitwayo AMR, iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu tu. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuacha karibu kila mlio unaozidi hezi 3,400. Dakika nzima haifiki kilobaiti 100. Maneno ya susu yanasikika vizuri, kama amepiga simu. Mtetemo wa sauti yake, pumzi kabla ya mwito, ule ukali uliofanya wachimbaji wa mwisho wa mstari wamsikie, vyote havimo. Kaseti ya mjomba, iliyorekodiwa juu ya jiwe zaidi ya miaka 20 kabla, inamleta susu mzima kuliko simu ile.

Hapo ndipo niliposhika jambo ninaloliamini hadi leo: kinachotupwa siku ya kurekodi hakirudi. Wapo wanaochukua MP3 iliyobanwa sana na kuigeuza kuwa faili kubwa wakitumaini itasikika vizuri zaidi. Huo ni uji wa kikombe uliomwagwa ndani ya debe. Chombo kimekuwa kikubwa, uji ni ule ule.

Stima ilipofika nyumbani na nikanunua kompyuta yangu, nilianza kuhamisha CD na kaseti. Programu iliyokuja ndani ya kompyuta ilizinakili CD kwa aina yake yenyewe, na faili zile zilikataa kufunguka kwenye simu na kwenye redio ya gari. Ikabidi nirudie kazi yote, na ndipo nikaanza kuuliza swali lililo sahihi. Badala ya kuuliza programu ipi ina sura nzuri, niliuliza: faili hii itafunguliwa na nani, kwa mashine gani, baada ya miaka mingapi?

Kwa nakala ya kutunza, jibu langu ni FLAC. Ilitolewa na Josh Coalson mwaka 2001, na tofauti yake na MP3 ni kwamba hubana bila kutupa chochote. Ukiifungua unarudishiwa kila kipimo kilichokuwemo, hadi cha mwisho. Huchukua karibu nusu ya ukubwa wa sauti isiyobanwa, ikitegemea muziki wenyewe. Haina mwenyewe anayedai ada, na Desemba 2024 maelezo yake kamili yalichapishwa kama kiwango cha intaneti, hivyo fundi yeyote wa kesho ataweza kuandika programu ya kuisoma. MP3 sikuiacha. Leseni za hataza zake zilikoma mwaka 2017, na karibu kila kitu chenye spika huicheza. Kwa hiyo natunza kwa FLAC, na ninapompelekea mtu wimbo wa kusikiliza njiani natengeneza MP3 ya kilobiti 192 au zaidi kutoka kwenye FLAC hiyo, bila kuigusa ile ya asili.

Kwa kucheza nina programu mbili. VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, hufungua karibu kila ninacholetewa: AMR ya binamu, VCD ya arusi, faili iliyotoka kwenye simu ya zamani. Ya maktaba ni foobar2000, ambayo Peter Pawłowski aliitoa mwaka 2002. Sura yake ni ya kawaida sana, lakini hunipa mambo mawili ninayoyathamini. Hunionyesha maelezo yote ya faili na kuniruhusu kuyasahihisha kwa folda nzima. Pia husawazisha sauti kwa mfumo wa ReplayGain, hivyo santuri ya Mwambi yenye sauti ya chini inafuatana na wimbo mpya wa Ken wa Maria bila mtu kukimbilia kitufe. Kwa kurekodi kaseti natumia Audacity, nayo ni ya bure.

Kaseti ya mwethya niliihamisha taratibu. Kwanza niliisogeza yote mbele na kuirudisha nyuma ili utepe ulegee. Nilifuta kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti hadi pamba ikatoka safi. Kisha, kwa bisibisi ndogo, nikazungusha skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa kidogo kidogo huku nikisikiliza ile filimbi. Pale inapong’ara zaidi ndipo kichwa kinapolala kwa pembe ile ile ya mashine iliyorekodi. Redio niliiwasha kwa betri, maana ikichomekwa kwenye stima pamoja na kompyuta huweza kuingiza mngurumo wa hezi 50 chini ya kila kitu. Waya ukatoka kwenye tundu la vipokea sauti hadi kwenye kompyuta, nikahakikisha vilele vya sauti havifiki kwenye rangi nyekundu, nikaiacha icheze hadi mwisho. Mchakacho wa utepe sikuuondoa kwenye nakala ya kutunza. Anayetaka kuusafisha aufanyie kazi kwenye nakala nyingine, kwa sababu programu za kesho huenda zikasafisha vizuri kuliko za leo.

Wanasayansi waliounda MP3 waliijaribu tena na tena kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao “Tom's Diner”, unaoimbwa na mwanamke peke yake bila ala. Sauti moja tupu hufichua kila kasoro. Nilikumbuka hilo nilipoisikia sauti ya susu ikianzisha kabla ya wenzake kuitikia. Hapo pana kimya nyuma yake, na hapo ndipo faili iliyobanwa hovyo ingeaibika.

Mjomba nilimwalika aje asikilize. Tulipofika kwenye kiitikio alianza kutaja waimbaji mmoja mmoja: huyu mke wa fulani, yule wa ng’ambo ya mto, yule mwenye sauti nzito aliyekuja kuhamia Kibwezi. Nami nikaandika. Majina yote sasa yamo ndani ya faili yenyewe, kwenye sehemu ya maelezo, pamoja na mahali, msimu, na kwamba ni mwethya wa kuchimba matuta. FLAC haina mpaka wa herufi 30, hivyo hakuna aliyekatwa. Nakala moja iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje kwa dada yangu mjini Wote, ya tatu kwa mjomba kwenye flashi. Nyumba moja ikiungua au kuibiwa, nyimbo hazipotei.

Siku hizi wengi hawahitaji faili. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, simu zikawa nafuu, na leo YouTube, Boomplay na Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, humletea mtu wimbo akiwa juu ya bodaboda. Sina ugomvi na hilo. Kakai, aliyefariki mwaka 1987, anasikilizwa leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na nyimbo zake zitapata watunzaji.

Wasiwasi wangu ni kwa zile ambazo nakala yake ni moja duniani kote. Nyumba nyingi za Kitui na Makueni zina kaseti ya namna hiyo ndani ya sanduku: kwaya ya kanisa, arusi, mzee akiwausia wanawe, wimbo wa mwethya. Utepe hauvumilii joto letu na vumbi letu, na mvua za Novemba huleta ukungu. Redio kaseti nzima za kuuchezea zinazidi kuadimika, na wanaoweza kutaja waimbaji kwa majina ni wazee. Ukiwa na redio kaseti, kompyuta na waya mmoja, basi unacho kinachohitajika. Anza na kaseti ambayo hakuna mwingine aliye nayo, irekodi bila kutupa chochote, na umwite mzee akae karibu nawe ataje majina wakati inacheza. Nyimbo za dukani zinaweza kusubiri.