Motere ikizimika wakati unapopunguza mwendo

Wengi wetu tunapanda gari kila siku, na wengine sasa tunaendesha wenyewe. Gari ikizimika kwenye barabara ya tambarare ni haya kidogo tu. Lakini hapa Bukavu tunaishi kwenye milima, na gari ikizimika kwenye muteremko, watoto wakiwa nyuma, ni neno lingine kabisa. Yetu ilitufanyia hivyo karibu mwezi muzima. Asubuhi inawaka vizuri, inapanda vizuri, lakini ukikanyaga freni mbele ya kona, motere inatetemeka, sauti inashuka, kisha kimya.

Garaji ya kwanza walibadilisha buji. Ikazimika. Wakasema basi ni pompi ya esanse: dola 60, na ikazimika siku ileile. Nilipouliza sababu gani pompi, fundi alimujibu baba watoto, ijapokuwa mimi ndiye niliyeshika usukani na pesa zilitoka katika mushahara wangu. (Neno hili la garaji na wamama lingetaka ukurasa wake.)

Darasani, mutoto akikosa hesabu, haumununulii kitabu kipya mbele ya kuangalia ni kwenye mustari gani alipotea. Nilichukua daftari. Watoto wakaenda masomo kwa miguu, nami nikaendesha peke yangu, polepole, kwenye tambarare tu. Kila ilipozimika niliandika: motere ni ya moto ao ya baridi? Mguu wangu uko wapi? Kwa siku tano ilizimika mara 11, na mara 9 mguu ulikuwa juu ya freni. Nikiondoa mguu kwenye esanse bila kugusa freni, motere ilishuka tu, kisha ikajirekebisha. Tena pedali ya freni ilikuwa nguvu, na chini karibu na miguu nilisikia hewa ikifanya «ssss».

Sasa, mambo yanakwenda namna hii. Unapoondoa mguu kwenye esanse, kile kifuniko cha kupitisha hewa, mafundi wanakiita papiyo, kinafunga. Motere inabaki inaishi kwa hewa kidogo inayopita pembeni. Njia hiyo ikijaa masizi, motere inakosa pumzi na kuzimika. Hiyo ni sababu inayoonekana mara nyingi, na dawa yake ni kusafisha, si kununua kitu. Lakini kuna kinyume chake: hewa ya wizi inaingia kwa tundu fulani na kuharibu muchanganyiko wa hewa na esanse. Freni nayo inaomba musaada kwa motere. Nyuma ya pedali kuna kitu cha muviringo, cheusi, kikubwa kama sahani ya ugali: servofreni. Motere inavuta hewa yake kwa mupira munene. Ngozi ya ndani ikipasuka, kila ukikanyaga freni unafungulia motere mulango wa hewa.

Fundi wa pili ni kijana. Nilimusomea daftari, na hakucheka. Aliacha motere inawaka, akabana ule mupira kwa koleo, akaniambia: «Mwalimu, kanyaga.» Nikakanyaga. Motere ikatulia kama maji ya mutungi.

Kisha akanionyesha jaribio ambalo kila mama anaweza kufanya kwenye lupango lwake, freni ya mukono ikiwa imevutwa, bila chombo chochote. Zima motere. Kanyaga freni mara kadhaa mupaka pedali iwe nguvu. Bila kuondoa mguu, washa. Pedali nzuri inashuka kidogo chini ya mguu. Yetu ilikaa kama jiwe.

Servofreni ya okazo, pamoja na kazi, ilitufikisha dola 45. Pesa ya pompi haikurudi.

Kwa wale wenye gari ya vitesi otomatiki: kama inazimika unaposimama, lakini ukiweka pwamoro inabaki kuwaka, waambie waangalie upande wa buati ya vitesi mbele ya kugusa vingine.

Na ikizimika ungali katika mwendo, usitoe ufunguo, kwani usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa muzito lakini utageuka, ushike kwa mikono miwili. Freni nzuri inabakia na akiba ya kukanyaga mara moja ao mbili tu, kwa hiyo usipige-pige pedali: kanyaga mara moja, kwa nguvu, usiachilie, kisha vuta freni ya mukono polepole. Yetu hata ile akiba haikuwa nayo. Ndiyo maana watoto walitembea dakika hamsini kila asubuhi wakininung'unikia, na sikuwajibu kitu.