Karura, mahali ambapo mia yako huonekana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya Jumamosi, wakati wakazi wengi wa Nairobi wangali wamejifunika blanketi gubigubi, magari huwa yamekwisha kupanga foleni kwenye lango la Msitu wa Karura lililoko Barabara ya Limuru. Wasio na magari huteremka kutoka matatu za Ruaka na Banana, wakavuka barabara huku wakijinyoosha viungo. Wamo makarani wa benki, walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu, na akina mama ambao daktari amewaonya kuhusu shinikizo la damu. Mlinzi naye hukagua mikoba. Chupa ya plastiki haipiti, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa.

Mpenzi msomaji, ikiwa unaujua mji huu kwa moshi na honi tu, basi Karura itakushangaza. Ni hekta 1,041 za miti ndani ya jiji, na njia zake za kutembea na kukimbia zinapita kilomita 50. Kila njia panda ina kigingi chenye nambari, hivyo hata mgeni hapotei kwa urahisi. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni tangu enzi za mkoloni, lakini ukiteremka kuelekea mtoni unaingia katika msitu wa asili, giza na ubaridi, ambamo kima huruka kutoka tawi hadi tawi na pongo akikuona hutoweka kama mzuka. Huko chini kuna maporomoko ya maji, na mapango ambayo husimuliwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Kuteremka ni raha. Kupanda ndiko kunakotenganisha waume na wavulana, na kusema kweli wanawake wengi huwapita wote wawili. Wataalamu wa afya duniani wanapendekeza dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Anayezunguka Karura Jumamosi na Jumapili, saa moja na robo kila siku, amezitimiza bila kulipa ada ya jimu.

Ni hapo kwenye mwinuko, watu wanapoacha kukimbia na kuanza kutembea, ndipo mazungumzo hunoga. Zamani yalikuwa ya kandanda na karo. Siku hizi, tega sikio utasikia hati za mshahara.

"Dada, umeona walivyokata mwezi huu?"

"Wacha tu, kaka. Nikiitazama ile karatasi, moyo hupiga kuliko nikipanda kilima hiki."

Wana sababu. Mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa ushuru wa mapato, malipo ya uzeeni, asilimia 1.5 ya ada ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya kabla hajashika senti. Kinachobaki akikipeleka dukani, VAT ya asilimia 16 inamsubiri katika bidhaa nyingi. Mnamo 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza hata mkate utozwe VAT, na vijana wakajaa barabarani. Juni 25 mwaka huo waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini waliokimbia Karura Jumamosi iliyofuata bado walikuwa na ada zao za zamani, na bado walisoma katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti jinsi safari za wakubwa zinavyomeza mamilioni.

Sasa la ajabu ni hili: watu hao hao, wanaolalamikia kila makato, hawanung'uniki langoni. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa kama shilingi mia hivi kuingia, akalipa kwa simu na kwenda zake. Sababu ni kwamba anaiona mia yake. Ameona ua wa umeme, walinzi wanaozunguka na njia zilizofagiliwa. Ana nini cha kuuliza?

Wenye umri wa miaka arobaini kwenda juu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1990 Karura ilikuwa pahali pa majambazi, na serikali yenyewe iliimega vipande na kuwagawia wajenzi wa kibinafsi. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi kushiriki katika usimamizi, na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kikaungana na shirika la serikali la misitu, KFS. Ua ukajengwa, akina mama wakaanza kuingia na watoto.

Mwishoni mwa Agosti 2025, KFS iliagiza kwamba pesa za langoni zilipwe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa, na kesi ikafika mahakamani. Serikali ina hoja yake: msitu ni mali ya umma, na mapato ya umma hayafai kupitia akaunti ya chama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila mlipaji naye aliuliza swali ambalo afisa yeyote angepaswa kulijibu kabla ya kutia sahihi agizo: mia yangu ikishaingia katika chungu kikuu, nani atahakikisha imerudi kulipa mlinzi wa maporomoko? Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Wanaokimbia Karura hawakuhitaji wakili kuwafafanulia.

Ukitaka kwenda na watoto, nenda mapema kabla ya jua kali, na uanzie lango la Limuru kwani njia ya kwenda mtoni ni nyepesi kwao. Baiskeli hukodishwa. Beba maji katika chupa ya chuma, na nauli ya kurudi iweke kando. Petroli nayo ilipandishiwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023.