Mathe Alikuwa Anashuka Kabla ya Tuta

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mathe alikuwa anaingia kwenye gari langu nje ya geti letu, tunaenda mita kama mia mbili hivi, halafu ananiambia, "Nishushe hapa." Anashuka na mkoba wake wa vitabu vya wanafunzi, anavuka tuta kwa miguu, anasimama upande wa pili kunisubiri. Mimi navuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya lingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza. Chini ya gari kitu kinakwaruza. Kisha mathe anaingia tena, anafunga mkanda, tunaendelea.

Kutoka kwetu hadi shule anayofundisha kuna matuta manane. Alikuwa anashuka kwa manne. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mathe akigomba unajua bado ana imani nawe.

Gari lenyewe ni Honda Fit ya 2004. Nililinunua kwa pesa za kuandika. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, lakini nimeandikia wanafunzi wa Marekani insha ambazo wengine wao walizitumia kuhitimu. Sijivunii, ila ndiyo kazi iliyokuwepo. Mtaani hakuna anayeona insha. Wanaona gari. Nilitaka walione vizuri.

Kwa hivyo nililishusha. Fundi wa mtaani alikata springi kwa grainda, koili moja kila upande, nusu saa kazi imeisha. Halafu nikaenda Kirinyaga Road na shilingi 48,000, nikarudi na rimu nyeusi za inchi 17 na matairi mitumba 205/40. Muuzaji aliinama, akaangalia fenda, akapiga bodi kofi kidogo. "Bosi, hizi zinaingia freshi."

Hakudanganya. Ziliingia. Lakini kuingia na kutembea ni vitu viwili. Gari likiwa limesimama lilikuwa picha safi kabisa. Ukiweka watu wawili nyuma, matairi yanaanza kula plastiki ya ndani ya fenda. Ukifika kilomita 80 kwa saa, usukani unatetemeka mikononi. Nilikuwa nimejizoesha kuongeza muziki.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka matangani, mathe, shangazi na binamu zangu wawili nyuma. Usiku, mvua. Shimo lilikuwa limejaa maji, likaonekana kama lami tu. Nilisikia mlio, halafu gari likavuta kushoto, na shangazi akaita Yesu kwa jina lake kamili. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka ubavuni, rimu imekunjika kama kifuniko cha soda. Nilipoangaza la nyuma kwa simu, niliona mkato umezunguka bega lote la tairi, mahali fenda ilikuwa inalikata kidogokidogo kwa miezi. Nyuzi zilikuwa nje. Hilo ndilo lingepasuka baadaye, pengine tukiwa kwa mwendo.

Mathe alinishikia mwavuli nikibadilisha gurudumu. Hakusema kitu.

Kesho yake nikisafisha gari nilipata karatasi ya mshahara wake, imeteleza chini ya kiti. Sikupaswa kuisoma. Kulikuwa na mstari wa makato: mkopo wa Sacco, 9,400 kila mwezi. Mkopo aliochukua ili niende chuo. Nilidhani uliisha zamani, kwa sababu mimi nilikuwa nimemalizana na chuo zamani. Bado ulikuwa na miezi kumi na minne.

Nilifanya hesabu nikiwa nimechuchumaa hapo na kitambaa mkononi. Rimu zangu zilikuwa miezi mitano ya makato yake.

Usiku huo nilitoa daftari langu la mwaka wa pili, lile lenye kurasa nyingi tupu, nikafanya kazi ambayo ningefanya kabla ya kwenda Kirinyaga. Hesabu si ngumu. Fit yangu ilitoka kiwandani na 175/65R14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 114 za mpira na hewa kati ya rimu na barabara. Ukijumlisha ubavu wa juu, wa chini na rimu, gurudumu lote lina kimo cha milimita 583.

Zangu za 205/40R17 zilifika 596. Yaani gari nililolishusha nililipa tena magurudumu makubwa zaidi, ndani ya nafasi ndogo zaidi. Na ubavu ulibaki milimita 82. Shimo lilipokuja, hakukuwa na mpira wa kutosha wa kulimeza, kwa hivyo rimu ndiyo ililimeza.

Halafu kuna ofseti, ile namba ya ET iliyochongwa kwenye rimu, ambayo nilikuwa nikiiona kama nambari ya kiwanda tu. Inakuambia rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Rimu asili ina upana wa inchi 5.5 na ET 45. Zangu zilikuwa inchi 7 na ET 35. Ukipiga hesabu, mdomo wa nje ulikuwa umetoka milimita 29 zaidi, moja kwa moja chini ya makali ya fenda. Yule muuzaji alipiga bodi kofi. Hakupima.

Hata mtetemo ulikuwa na sababu. Matundu manne ya bolti yalilingana, duara la milimita 100, lakini tundu la katikati la Fit ni milimita 56.1 na la rimu zangu lilikuwa kubwa zaidi. Zilihitaji pete ndogo za kujaza hiyo nafasi ili gurudumu likae katikati. Pete za shilingi mia chache. Mimi nilikuwa naongeza muziki.

Na kile kitu kilichokuwa kinakwaruza kwa tuta? Bahati ilikuwa bomba la moshi. Fit hubeba tangi la mafuta chini ya viti vya mbele. Mathe alikuwa anakaa juu yake.

Nilijaribu saizi kadhaa kwenye karatasi. 195/45R16 ilitoa milimita 582, karibu sawa kabisa na ya kiwanda, na ningependa sana kuishia hapo kwa sababu inchi 16 inapendeza. Lakini ubavu wake ni milimita 88 tu, na barabara yetu naijua. Nikashuka hadi 195/50R15: kimo 576, ubavu 97.5, uwezo wa kubeba uleule wa tairi asili, 82, ambao ni kilo 475 kwa kila gurudumu. Rimu za inchi 6.5, ET 40. Mdomo unatoka milimita 18 badala ya 29. Spidomita inakosea kwa karibu asilimia moja tu.

Nilinyoosha ile rimu, nikauza zote nne kwa 30,000. Rimu mitumba nilipata, lakini matairi nilinunua mapya, nikiangalia zile tarakimu nne za mwisho za DOT, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Springi zilizokatwa nilizitoa, nikaweka zilizotengenezwa fupi, za kushusha milimita 30. Pesa iliyopungua niliandikia insha tatu. Mojawapo ilihusu maadili kazini. Nilicheka peke yangu.

Mwisho wa mwezi nilimtumia mathe 4,700 kwa M-Pesa. Alikuwa jikoni, nikasikia simu yake ikilia.

"Hii ni ya nini?"

"Ya Sacco. Nusu. Nitakuwa natuma kila mwezi."

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika kwa muda mrefu kuliko sahani zilivyohitaji. "Ulisoma karatasi yangu," akasema. Haikuwa swali. Halafu: "Ugali uko tayari."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya tuta la kwanza, mkono wake ulienda kwenye kitasa kwa mazoea. Sikusimama. Nilipunguza mwendo, magurudumu mawili ya mbele yakapanda pamoja, yakashuka pamoja, na ya nyuma yakafuata. Hakuna kilichokwaruza. Alikaa kimya hadi tuta la pili, kisha akatoa kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha vitabu kwenye mapaja.

Bado kuna moja. Tuta la nane, lile wazazi walijijengea wenyewe karibu na shule, refu kama kaburi. Hilo bado anashuka. Lakini pale amefika, ni hatua chache tu hadi getini. Anagonga paa la gari mara mbili, nami nageuza.