Sadini ni samaki gani? Nilimtafuta Kariakoo mpaka Feri

Mpenzi msomaji, kama unaishi chumba kimoja cha kupanga, jiko lako ni la mchina na mke huna, basi kopo la sadini unalijua kuliko unavyomjua jirani yako. Mkate, kachumbari, pilipili kidogo, kopo linafunguliwa na maisha yanasonga. Lakini hebu nijibu bila kuzuga: huyo sadini ni samaki gani? Umewahi kumwona akiwa na kichwa?

Jumamosi niliamua kumtafuta. Nilianzia Kariakoo, kwenye duka moja la jumla. Nikapanga makopo matano juu ya kaunta, nikawa nayageuza moja moja. Muuzaji akanikodolea macho.

"Kaka, unanunua au unasoma gazeti?"

"Vyote viwili, bosi wangu."

Siri yote iko kwenye yale maandishi madogo ya ubavuni. Kopo la Moroko lilisema Sardina pilchardus. La pili lilisema Sardinella. Hapo hapo akaingia mama mmoja akaomba "ile sadini ya kopo refu", akapewa samaki wa nyanya ambaye ni wa ukoo wa vibua, na kopo lenyewe wala halikudai kuwa ni sadini! Jina kalipewa na mtaa.

Kumbe, wasomaji wangu, sadini si samaki mmoja. Ni jina la ukumbi, na wanaoingia ni wengi. Kuna chombo cha kimataifa kinachopanga kanuni za vyakula, kinaitwa Codex, kiko chini ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula na lile la afya. Orodha yake ya samaki wanaoruhusiwa kuingia kwenye kopo la sadini ina aina zaidi ya 20. Ila sharti lipo: anayeitwa sadini kavukavu ni huyo Sardina pilchardus peke yake, samaki wa Mediterania na Atlantiki ya upande wa Ulaya na Moroko. Wengine wote lazima jina liwe na mkia: sadini wa nchi fulani, wa bahari fulani, au wa aina fulani.

Mkia huo umewahi kupeleka watu kwenye kesi. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imeamua kwamba kwenye masoko yake asiitwe sadini yeyote isipokuwa huyo wao. Peru, yenye samaki wake Sardinops sagax kutoka Pasifiki, ikagoma. Mwaka 2001 ikashitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2002 ikashinda. Huko Maine, Marekani, "sadini" wa makopo alikuwa heringi mdogo, mpaka kiwanda cha mwisho kilipofungwa mwaka 2010. Wanorwe nao wana kisamaki chao kingine kabisa, kinaitwa brisling. Watu wazima wanagombania jina la kitu kinachoenea kiganjani!

Kutoka Kariakoo nikakata mguu mpaka Feri, pale Magogoni, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Pembeni ya mnada nikamkuta mama ana mafungu ya samaki wembamba wanaong'aa kama shilingi mpya.

"Shikamoo mama. Hawa ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Simu hao. Kaanga, kamulia ndimu, utanikumbuka."

Simu! Si ile ya mfukoni, hii haina vocha. Sasa sikiliza: hawa ni jamii ya Sardinella, ile ile niliyoisoma kwenye kopo la pili. Na Sardinella gibbosa, anayevuliwa pwani yetu, yumo kwenye ile orodha ya Codex. Yaani ndugu yake amevaa bati, amepanda meli, tunamlipa bei ya mgeni. Huyu wa nyumbani amelala chini kwenye fungu, na mabishoo wa mjini wanampita wameziba pua.

Lililonifurahisha zaidi ni lile la dagaa. Nasi tuna jina moja kwa samaki wengi. Dagaa wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, kweli ni ukoo wa sadini na heringi. Dagaa wa Mwanza, wa Ziwa Viktoria, hana undugu huo hata kidogo. Yeye yuko ukoo mmoja na ningu. Na wale wadogo weupe wa baharini, dagaa mchele, wana ukoo wao mwingine. Lakini nenda kwa mama yeyote mwenye gunia uombe dagaa. Atakuuliza kwanza: "Wa wapi?" Bei inafuata baadaye.

Hilo swali ndilo Peru na Ulaya walilipelekea mawakili. Mama wa sokoni analiuliza bure kila asubuhi, na hakuhitaji Codex kumfundisha.

Basi kijana mwenzangu, ukishika kopo usiishie kwenye picha ya samaki anayecheka. Geuza ubavu, soma jina lenye mkia, kisha linganisha na bei. Na siku ukiwa na ndimu na mafuta ya kutosha, pitia Feri. Simu wapo, tena wana vichwa vyao.