Kosa ukurasa wa kwanza, samahani ukurasa wa ndani

Jumatatu moja asubuhi, miaka saba iliyopita, nilipigiwa simu kutoka mapokezi ya gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi wakati huo. Niliambiwa kuna mama aliyetaka kuniona, tena hakutaka kumwona mtu mwingine. Nilishuka ngazi mbiombio nikidhani ameniletea habari motomoto. Kumbe habari yenyewe ilikuwa mimi.

"Ni wewe uliyeandika haya?" aliniuliza, akikunjua ukurasa wa gazeti aliokuwa ameufunga kwenye leso.

Ilikuwa taarifa yangu ya Ijumaa, ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba polisi wamenasa genge la majambazi sugu katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Jina la kijana wake, kondakta wa matatu mwenye umri wa miaka 22, lilikuwa katika aya ya pili.

"Mwanangu aliachiliwa jioni iyo hiyo," alisema. "Hakupelekwa kortini wala hakushtakiwa kosa lolote. Lakini mwenye matatu amesoma gazeti, kazi amempa mtu mwingine. Sasa nenda ukamwambie mwanangu si jambazi."

Lahaula! "Nisamehe, mama," nilisema, na neno lenyewe likanikwama kooni.

Msomaji mpendwa, sikuwa nimepewa hongo. Watu wanapolalamika kwamba vyombo vya habari vina upendeleo, aghalabu huwaza wanasiasa na bahasha. Upendeleo wangu ulikuwa wa aina nyingine. Afisa wa polisi alinipigia simu saa kumi na moja jioni, mhariri akiwa amenisimamia kichwani akingoja taarifa. Nikampigia tena afisa huyo nihakikishe majina yameandikwa sawasawa. Basi. Huko mtaani sikuwa na nambari ya mtu hata mmoja, wala sikujisumbua kuitafuta. Chuoni nilifundishwa kusikiliza pande zote mbili, na mtihani nikaupita vizuri. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siku hiyo afisa aliivuta ngozi yake, nami nikamsaidia kuivuta.

Mhariri alikiri kwamba tumekosa. Kesho yake tulichapisha masahihisho: mistari minne ya herufi ndogo, ukurasa wa 27, chini ya tangazo la mnada. Nilikata kipande hicho, nikaenda mwenyewe stejini kumtafuta mwenye matatu. Alikisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanirudishia. "Ile ya kwanza ilikuwa kubwa," alisema. Nilirudi ofisini kichwa chini.

Maneno ya mtu yule yalinifanya nifikirie mengi. Mwaka 2003, gazeti la New York Times la Marekani liligundua kwamba mwandishi wake mmoja, Jayson Blair, alikuwa akibuni mambo na kuiba maandishi ya wengine. Gazeti hilo lingeweza kunong'ona katika kona ya ukurasa wa ndani. Badala yake, Jumapili ya Mei 11, liliianika aibu yake kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa maelezo ya maneno zaidi ya 7,000. Mwezi uliofuata, wahariri wake wawili wakuu walijiuzulu. Baadaye mwaka huo likamwajiri mtu wa kusikiliza manung'uniko ya wasomaji na kulikosoa gazeti lenyewe hadharani, ingawa kazi hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Hapa kwetu sheria haijanyamaza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, nasi wanahabari twapenda sana kukitaja. Tunachokisahau ni jirani yake, kifungu cha 35, kinachompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru. Cha 50 nacho kinasema mshtakiwa hana hatia hadi kesi ithibitishwe. Seuze kijana ambaye hata hakushtakiwa! Aidha, sheria ya 2013 iliunda Tume ya Malalamishi chini ya Baraza la Vyombo vya Habari. Mwananchi aliyechafuliwa jina anaweza kuiendea, nayo inaweza kuamuru chombo kilichokosa kuomba radhi na kusahihisha.

Yule mama hakuyajua hayo yote. Na mimi, niliyeyajua, sikumwambia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Kijana alikaa miezi mitano bila kazi kabla ya kupata nyingine. Tangu wakati huo, afisa akinipigia simu, namsikiliza, kisha natafuta jirani, mzazi au wakili kabla sijaandika jina la mtu. Wakati mwingine gazeti jingine hunitangulia. Na litangulie.

Nanyi wanafunzi mnaoitamani kazi hii, jizoezeni mapema. Mkikosea, na mtakosea, mdaini mhariri wenu kwamba samahani ikae palepale kosa lilipokaa. Na wewe mzazi, ukionewa na gazeti, usiishie mapokezi kama mama yule. Andika barua, taja tarehe na ukurasa, na udai haki yako.