Sura Zilizomo Katika Noti

Ndugu msomaji, itoe noti uliyonayo mfukoni, uitazame vizuri kabla hujaenda nayo dukani. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa ukoloni tumeziona sura nyingi zikipita mikononi mwetu. Noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa na Malkia wa Uingereza. Mwaka 1964 Malkia akatolewa, ikatiwa mashua yenye tanga katika ziwa la Victoria. Mashua ile ilinipendeza mno (nasi watu wa pwani twaijua mashua!), kwani haikumtukuza mtu. Lakini haikudumu. Tarehe 14 Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza, na juu yake sura ya Mzee Kenyatta. Alipofariki mwaka 1978, hazikupita siku nyingi zikaja za Rais Moi.

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza, "Maalim, yafaa kusali na sura hizi mfukoni?" Huwajibu kwa tarikhi. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Warumi zenye sura ya mfalme wao, na dirhamu za Waajemi zenye madhabahu ya moto, wala hawakuzitupa, kwa kuwa watu walihitaji kununua na kuuza. Hata Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, alipoanza kupiga sarafu zake huko Sham, kwanza alitia sura ya khalifa amesimama na upanga wake. Ni katika mwaka 77 wa Hijra ndipo dinari zilipofutwa sura, yakaandikwa maneno ya Tauhidi.

Kenya nayo ilichukua muda. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu. Sarafu za 2018 zikaja na wanyama, nazo noti za 2019 zikaja na jumba la mikutano la Nairobi, kando yake sanamu ya Mzee! Wako walioshitaki mahakamani, na kwa maoni yangu swali lao lilikuwa la haki.

Mwaka huo huo ikatangazwa kuwa noti za zamani za shilingi elfu zitakoma tarehe 30 Septemba, ili fedha za haramu zifichuke. Wenye magunia ya rushwa walihangaika. Lakini mimi niliwahangaikia zaidi kina mama wa mtaani, nikawahimiza wazipeleke benki mapema zile walizozificha sandukuni, wengine kidogo kidogo kwa miaka, wakingojea Hija.